Kopi za Sauti ya Maundu

Ijumaa ya soko mjini Machakos, Maundu aliketi hotelini akaagiza chai na mandazi. Neno chai lilitoka. Mandazi likagoma. Mhudumu aliweka kikombe mezani, akapangusa kiti cha pili.

"Levi amefungua mapema leo," alisema.

Kila mtu mjini alijua mambo yalivyo. Tangu Levi anunue kompyuta mwaka wa 2004, kila alipochoma kopi ya nyimbo za Maundu kwenye CD, sauti ya Maundu ilipungua kidogo. Kwanza zilikwenda noti za juu, kisha kicheko, kisha salamu. Watu walimpa pole na kumwonyesha kopi zao. Walimpenda kweli, na mapenzi yao hayakumnunulia hata uzi mmoja wa gitaa.

Wala Levi hakuwa mwizi. Alikuwa mzee wa kanisa, asiyeweza kuokota embe la jirani lililoangukia njiani. Maundu alimkuta dukani akipanga CD tupu.

"Mama yuko karibu kwenda," alisema, akiyatoa maneno kama mtu anayepima unga wa mwisho. "Ameniita Kathiani anibariki. Haoni. Ananijua kwa sauti. Usichome leo."

"Woi, pole sana, Maundu. Si uende tu, leo napumzisha hii mashine. Lakini ujue niko na watu wengi wanakupenda."

Levi alikuwa mtu wa ahadi. Alipumzisha mashine mpaka mteja wa kwanza alipoingia.

Maundu alifunga mdomo njia nzima, hakumjibu hata kondakta. Alikuwa amebakiza maneno machache na alitaka yafike yakiwa mazima. Mzazi anayeondoka humtemea mwanawe mate kifuani, na asiyetemewa mambo yake hayanyooki tena. Nthenya, jirani aliyemuuguza mama yake, ndiye aliyemfungulia mlango. Maundu akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua kinywa. Hewa ikatoka, hewa tupu.

"Ni nani huyo ananipumulia?" Mama Kalondu aliuliza.

"Ni Maundu, mama," Nthenya alisema.

"Maundu hasemewi. Aongee mwenyewe."

Maundu alimshika mkono. Mama akauvuta wake. Nthenya aliingiwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomaliza kazi. Alichukua redio dirishani, akatia CD aliyomnunulia mgonjwa kwa Levi, akachagua ule wimbo ambao Maundu anamsalimu mama yake kwa jina, kama waimbaji wa kwetu wanavyosalimu watu wao.

Uso wa mama ukachanua. "Umefika, mwanangu!"

Maundu alijipenyeza katikati, akaweka kifua chake mbele ya spika. Mama alimsukuma kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo.

"Toka hapo wewe. Wacha mtoto wangu akaribie."

Akaitemea redio mate, akaibariki: isikike kila nyumba, isizeeke, isikose wa kuiita. Kisha akafa, ameridhika. Maundu alilia. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Huyu sasa hakuwa hata na sauti ya kuidai. Nthenya alikuwa akipangusa redio isiharibike, na hakugeuka, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kusikia.

Baraka zilishika. Kabla ya mazishi wimbo ulikuwa umeshafika Matuu na Kivaa. Levi alikuja kuzika, amebeba kopi nyingi, akazigawa bure, maana msiba si mahali pa biashara. Redio iliwekwa kwenye kiti cha kifungua mimba, kiti cha Maundu, ikazungumza kwa niaba ya familia, na watu wakalia vizuri. Waya wa betri ulikuwa umelegea. Maundu aliombwa aushike usichomoke.

Akaushika mpaka mwisho.