Keria ya Kipimo cha Jeneza

Nilimwekea fundi Abeid mshipi wangu wa kuvulia mezani, una fundo mwanzo na fundo mwisho, nikamwambia keria ya pikapu yangu aikate kwa urefu huo. Akaunyoosha, akaupima kwa futi, akaniuliza kitu gani hicho chenye urefu wa namna hii ambacho sitaki kukitaja.

"Ni jeneza la msikiti wa Miburani," nikasema. "Nimelipima jana baada ya adhuhuri."

Abeid akazima mashine ya kuchomelea. Huyu ni mtu wa kuongea nawe huku cheche zinamrukia miguuni, kwa hiyo akizima mashine ujue umemshtua.

"Mfaume, watu wanaweka keria za mbao, za mabomba, za magunia ya mwani. Wewe unaweka ya maiti?"

"Naweka ya vyote hivyo. Lakini na maiti naye apate pa kulala."

Masika yaliyopita alifariki Sudi, mvuvi wa Kilindoni, na ndugu zake wakataka azikwe kwao Kirongwe, mbali mno kwa kubebwa mabegani. Wakampakia kwenye pikapu ya mtu. Bodi fupi, jeneza refu. Likatokeza nyuma, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na wanaume wamelikumbatia kila gari likiingia shimoni. Mimi nilikuwa nyuma yao na pikapu yangu, nimebeba mbao za kaburi na madumu ya maji, maana kwenye mazishi yote kazi yangu ni hiyo. Nikaona aibu kwa niaba ya Sudi. Nikasema nitatengeneza kitu.

Hiyo ni sababu ya mdomoni. Ya moyoni ni nyingine. Mimi ni mtu wa Kilwa. Nilikuja huku dago, kuvua msimu mmoja kambini na wenzangu. Msimu ulipokwisha wenzangu walirudi kwao, mimi nikabaki kwa sababu ya Kijakazi. Tukaoana, tukakaa Miburani, Mungu hakutujaalia mtoto, na mwaka juzi akamchukua Kijakazi mwenyewe. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa, nikalima, nikavuna, na mpaka leo nikipita watu husema, "Yule mtu wa dago." Sasa nikifa nani atanibeba? Siku ya Kijakazi walikuja wengi, lakini walimjia Kijakazi. Nikaona mtu ambaye gari lake linawafaa watu siku ya msiba, hawatamtupa siku yake ikifika. Ndiyo hesabu niliyoipiga, wala siionei haya.

Abeid alifanya kazi safi. Alikata mabomba ya mraba, akasimamisha miguu ndani ya bodi, akaunganisha juu kwa vyuma vya kukingama. Sikutaka auchomelee mguu hata mmoja kwenye bodi. Chuma cha kisiwani kinaliwa na chumvi, siku ukitaka kukitoa kinatoka na kipande cha gari. Akatoboa, akafunga kwa bolti, na chini ya kila mguu tukaweka kipande cha tairi kuukuu ili vyuma visisagane. Mbele keria ilipanda mpaka juu ya kichwa cha gari. Pembeni nikamwambia aweke ukingo mdogo, mtu asije akateleza kwenye kona. Tukaipaka rangi ya kijani.

"Sasa nisikilize," Abeid akasema akijifuta mikono. "Wakikuuliza, sema ni ya mbao. Siku ya haja wataona wenyewe kwamba inatosha."

Ushauri wa bure huo, nami vya bure sina mazoea ya kuvithamini. Nilisimama sokoni Kilindoni nikamwambia kila aliyeuliza, na wasiouliza nikawaambia vilevile. Nilitarajia dua. Walinipa, "Mungu akulipe," huku wanarudi nyuma.

Ulimi uliponza kichwa. Wanawake wa mwani waliokuwa wakinipigia simu niwachukulie magunia, ghafla wote wana pikapu nyingine. Wenye samaki wote wana haraka, wanataka bodaboda. Siku moja nikamkuta Jamila, anayemwoza binti yake Utende, amesimama mlangoni kwa seremala na kitanda kipya cha samadari, anangoja gari. Na gari ni mimi, niko mbele yake.

"Kaka Mfaume, usinifikirie vibaya," akasema. "Kitanda cha bibi arusi nikipandishe pale juu?"

"Dada, hapajalala maiti hata mmoja. Keria mpya, rangi bado inanuka."

"Ndiyo hivyo. Inamngoja mtu."

Niliondoka bila kuaga kwa hasira. Kilichonikera zaidi ni kwamba hata mimi, ningekuwa na binti, nisingekipandisha.

Nikawa nazunguka na keria tupu. Upepo ulikuwa ukipita kwenye mabomba na kupiga mluzi, nami ndani peke yangu nikiusikiliza toka Kilindoni mpaka nyumbani. Nyumbani hakuna wa kumsimulia. Nikinunua samaki mmoja, nusu inalala. Nilikuwa mpweke, na sina jina jingine la kuliita jambo lile.

Aliyebaki ni Bi Mwanahija, ajuza wa mlango unaotazamana na wangu. Kila asubuhi akisikia komeo langu linalia, kabla sijawahi kumwamkia, huuliza kutoka barazani kwake, "Mtu wa dago, umekula?" Nikisema nimekula, ananiita mwongo, moshi wangu hajauona. Nikisema bado, ananiletea muhogo na matusi juu yake.

"Shikamoo mama. Bado," nikamjibu asubuhi moja.

"Marahaba mwanangu. Njoo uchukue." Akanipa bakuli la muhogo wa nazi, huku anaitazama keria. "Nina makuti yangu kwa Shaibu, ya kuezekea jiko. Kayapakie juu ya hicho kiunzi chako, nami nakwenda nawe."

"Wenzio wanaiogopa, mama."

"Mie niogope nini? Mie na hicho tutaonana tu. Afadhali tuzoeane kwa makuti kwanza."

Nilicheka mpaka muhogo ukanipalia. Akapanda mbele, makuti yakalala juu, na njia nzima akawa anawapungia watu mkono. Tulipokaribia nyumbani akaacha mzaha.

"Lakini siku yangu usinipandishe humo, Mfaume. Mie nataka mabega. Watu hawa nimewapikia shughuli zao zote. Na wao wanibebe kidogo."

Maneno yale yaliniuma, nikayafukia.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja komeo langu likalia, na ng'ambo pakawa kimya. Nikakohoa. Nikalirudisha komeo, nikalifungua tena. Akatoka mjukuu wake Amina, macho yamemvimba, nikajua.

Mwanawe Abdulhamidu alikuja na ndege ya mchana kutoka Dar es Salaam. Tulipotoka kumsalia mama yake, pikapu yangu ilikuwa mlangoni mwa msikiti na mbao na madumu, kama kawaida. Makaburi ya kwao yako mwisho kabisa wa mashamba ya minazi, na jua lilikuwa kali. Abdulhamidu akaitazama keria, akapima kwa macho.

"Bwana Mfaume, si ndiyo kazi yake hii? Tumpandishe mama."

Watu wote wakanigeukia. Hata wale waliokuwa wakirudi nyuma sokoni walinitazama kama mtu wanayemhitaji. Siku niliyoitengenezea vyuma ilikuwa imefika. Ningesema ndiyo, nani angejua? Alinieleza mimi peke yangu, ndani ya gari.

"Hapana," nikasema. "Mama alitaka mabega."

"Umbali wote ule?"

"Umbali wote ule. Aliniambia mwenyewe."

Nikampa Abeid ufunguo apeleke mbao. Nikaingia chini ya jeneza, mkono wa mbele. Katika mazishi yote ya kisiwa hiki nilikuwa nyuma ya usukani; ukimwacha Kijakazi, sikuwahi kumtia bega mtu. Lilikuwa jepesi. Watu walikuwa wakipokezana, kila hatua chache mtu anaingia na mtu anatoka, na mmoja akanigusa mgongoni, "Mtu wa dago, nipokeze, umechoka." Sikumpa, nikatembea mpaka makaburini.

Asubuhi iliyofuata bega liliniuma. Nikafungua mlango, komeo likalia. Jiko la Bi Mwanahija lina makuti mapya, moshi hamna. Nilihangaika na vyuma nikitafuta wa kunibeba nikifa, na aliyekuwa akiniuliza kama nimekula nikiwa hai, nimembeba mimi.

Nikaligeukia baraza lake.

"Bado, mama," nikasema.