Maboksi Yaliyolowa

Mtaani walimwita Mkurugenzi, nusu kwa heshima, nusu kwa kumcheka, maana kampuni yenyewe ilikuwa yeye, mzani mmoja na lori la kukodi. Zamani taka za mtaa ule zilikuwa chache. Siku hizi kila kitu kinanunuliwa kikiwa ndani ya boksi, na maboksi yamezidi watu. Pale wengine walipoona uchafu, yeye aliona riziki. Kila Jumamosi alipima maboksi ya majirani, akawapa sabuni kulingana na uzito, kisha akayauza kwenye kiwanda cha karatasi.

Aliyeushawishi mtaa ni mama yake mzazi. Alipita nyumba hadi nyumba akiwaambia, "Msichome. Mpeni binti yangu." Na sabuni yenyewe hakuwahi kuchukua hata kipande.

Halafu kiwanda kikalirudisha lori. Maboksi yalikuwa makavu kwa nje, lakini ndani yamelowa chapachapa na ukungu umeshaanza. Msimamizi wa kiwanda hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Ukileta tena yenye maji, tusijuane."

Kiwanda kingine hakikuwepo karibu. Kampuni ingekufa kabla haijatambaa. Mkurugenzi alirudi mtaani amefura kwa hasira, akatangaza kwamba Jumamosi kila furushi litafunguliwa mbele ya watu, na atakayekutwa amelowesha hatapimiwa tena maisha.

"Awe nani, awe nani," akaongeza. Ulimi hauna mfupa, na maneno kama hayo ndiyo huwaponza watu.

Jumamosi ikafika, foleni ndefu. Wa kwanza, kama kawaida, alikuwa mama yake. Mkurugenzi akakata kamba bila wasiwasi wowote, akaingiza mkono katikati ya furushi. Mkono ukatoka unachuruzika maji.

"Mama, si ulinisikia nilivyotangaza?"

"Nilikusikia vizuri sana. Nikajua unawasema hao wanaolowesha ili wapate sabuni nyingi. Mimi sabuni sichukui." Mama alimshangaa kweli. "Wewe si ulilalamika lori linaondoka na mzigo mwepesi? Nikasema basi, nimwongezee mwanangu uzito. Ndoo moja tu ya maji."

Fundi cherehani, aliyekuwa nyuma yake, akakohoa.

"Na sisi tulimwona mama anayamwagia maji, tukadhani ndio utaratibu."

Wengine wakacheka. Mkurugenzi hakucheka. Angeweza kulifanya jambo lile mzaha likaisha hapohapo, na mtaa mzima ungemwona mtoto mwenye adabu. Lakini Jumamosi ijayo wote wangekuja na ndoo.

"Mama, toa furushi lako. Na usilete tena."

"Mimi?"

"Ndiyo, mama."

Mama hakubishana. Alijitwika furushi lake, maji yakimtiririka mgongoni, akaenda zake taratibu. Hakuna aliyethubutu kumpokea mzigo. Foleni nayo ikaanza kupukutika: fundi cherehani akakumbuka kuna mteja anamsubiri, mwenye duka akasema ameacha duka wazi.

Lori liliondoka na mzigo kiduchu wa wachache waliobaki. Kiwandani, msimamizi akaingiza mkono kwenye furushi hili, akaingiza lile, akakosa maji. Akawaambia vibarua washushe, na kabla hajaondoka akasema mzigo wa namna ile ataupokea kila wiki.

Mkurugenzi alijawa na furaha mpaka akasahau kila kitu, na furaha ile hakuwa na wa kumpelekea ila mtu mmoja. Akapiga simu palepale getini.

"Mama, wameupokea. Wanautaka kila wiki."

"Hongera sana, dada," mama akasema kwa adabu zote, kama anayemjibu mtu asiyemjua, akakata simu.