Mlango wa Nyuma

...na uibariki mikono yetu, Baba, anasema msimamizi, na mimi nimefumbua jicho moja tu, la kushoto, kavumbi ka pamba kameniingia, si utundu, mama alitufunza kwamba anayefumbua macho kwenye sala anamchungulia Mungu, nikatoe tu kwa upindo wa aproni nifumbe tena, lakini mlinzi anafanya nini pale mlango wa nyuma, mbona ananyata, ana mnyororo, ameuviringishia kitambaa usilie, kitambaa chetu cha bluu, cha mashati ya wiki iliyopita, anaupitisha kwenye vipini taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala, kufuli la juu... utulinde na kila baya, amina, tunaitikia, na kufuli linabanwa ndani ya amina hiyo hiyo, wanawake mia na arobaini, nani angesikia, halafu toroli la majora lipo pembeni, atalisukuma mbele ya mlango, tukifumbua macho tunaona majora, miaka sita nimeona majora. Mdogo wangu alikuwa kitengo cha pasi. Siku ya moshi sisi wa mashine tulitokea mlango wa mbele, yeye walimkuta chini ya mlango huo, viatu mkononi, alivivua ili akimbie vizuri, mlango umevimba kwa joto, walisema, na mkaguzi aliponiuliza, dada, huu mlango hufungwa, nikamwambia haujafungwa hata siku moja, naapa, mashine yangu ni ya tatu kutoka hapo, nikatia dole gumba kwenye wino, na sikusema uongo, Mungu wangu, sikusema uongo, nilikuwa nasali! Na mama akauliza, mwanangu, mlango ulikuwaje, akauliza mara tatu, pale pale matangani, nikamjibu kazi ya Mungu haina makosa, mama, usikufuru, maneno ya msimamizi hayo, nilimbebea mama moto moto, na tangu siku hiyo mama haulizi tena kitu, anakaa tu... nitapiga kelele, jirani yangu wa mashine ananifinya, tunamwita Redio, hajawahi kulala na siri ya mtu, fumba macho wewe, ananong'ona, watakuona, na yeye kajuaje kama yangu yako wazi, ila na yake yawe wazi... tangu lini, shoga, namuuliza, tangu lini unaona, nina watoto wanne, anasema bila kufungua midomo, na ndoa ya kila mtu humu ameitangaza, hili peke yake kalimeza. Na tumwombee dada yetu aliyetutangulia, anasema msimamizi, uliyemchagua wewe mwenyewe, Baba, ukampenda kuliko tulivyompenda sisi, hapana, hukumchagua, Mungu nisamehe, nilikusingizia, mwaka mzima nimekulaumu kimoyomoyo huku nakusifu kwa mdomo, kumbe mwenye ufunguo yupo, ana mshahara, ana viatu vya raba visivyolia. Kufuli la chini analo mkononi, ulimi wa kufuli umeingia nusu, halitazami, anamtazama msimamizi, anangoja amina yetu alibane, leo kitengo cha pasi yupo binti mwingine, ana wiki mbili, bado anatuamkia kila mmoja... tunaomba na kushukuru, anasema msimamizi, wote wanavuta pumzi waitikie, Redio ananifinya tena, na mimi ninavuta yangu, kifua kizima, na ninalokwenda kusema si amina.