Namba Yangu Ubavuni

Nilipofaulu mtihani wa leseni ya kufunga kengele za moto na za wezi, nilipiga vigelegele pale kwenye maegesho mpaka mlinzi akatoka kunitazama. Nikamwambia, "Niache baba, leo siku yangu!"

Bosi wangu, Clovis Arceneaux, alifurahi kunizidi. Hapa Louisiana kampuni haigusi waya wa kengele bila mtu aliyefaulu mtihani wa jimbo, akakubali kuisimamia kwa jina lake. Kwa Clovis, mtu huyo alikuwa baba mkwe wake, na mzee sasa amestaafu, anavua samaki. Clovis mwenyewe alifanya mtihani akaanguka, akarudia akaanguka tena. Na ni mtihani wa kuingia na kitabu! Mtu unaangukaje na kitabu mkononi?

"Odile, nifaulie huo mtihani," aliniomba. "Tutakuwa washirika. Ubavuni mwa gari nitaandika majina yetu yote mawili, Arceneaux na Guidry."

Jamani, nilimwamini. Nimepanda ngazi za huyu bwana tangu wanangu wananyonya. Nikasoma jikoni huku nakoroga gumbo, mchuzi wetu mzito wa huku, mpaka kitabu kikanukia vitunguu.

Jumamosi akaalika mafundi na majirani nyumbani kwake kula kamba wa kuchemsha. Gari jipya lilikuwa uani, limefunikwa turubai. Kando ya sahani yangu aliweka karatasi ya kukubali kuisimamia kampuni, na kalamu juu yake.

"Tia sahihi, tuendelee kula," akasema.

"Funua gari kwanza."

Akavuta turubai, watu wakapiga makofi. ARCENEAUX, kwa herufi kubwa nyekundu. Chini yake, namba ya leseni yangu. Jina langu halikuwepo.

"Bosi, Guidry yuko wapi?"

"Aa, Odile, usianze. Wateja wananijua mimi. Namba yako si hiyo hapo? Nani atampigia simu mama mwenye drili?"

Fabien, fundi mwenzangu, akaacha kutafuna. "Mh! Bosi, hapo umeharibu."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Nikaichukua ile karatasi, nikajifutia nayo pilipili ya kamba vidoleni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Namba ni ya mama mwenye drili," nikamwambia. "Na hasaini."

"Odile! Tuna kazi ya kufunga kengele shuleni! Magari yangu yatatokaje?"

"Hayatoki. Nenda kafanye mtihani. Kitabu nitakuazima, kinanuka gumbo lakini majibu yote yamo."

Uani kote watu walikufa kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni mke wa Clovis. Akaingia ndani, akarudi na kisu cha kukwangulia rangi, akampa mumewe.

"Shika, bwana wee. Bandua namba ya watu."

Akabandua, kajiinamia, sisi tunakula. Sijawahi kula kamba watamu vile.

Nikaomba kufungua kampuni yangu mwenyewe, na karatasi zake zilipotoka, ile kazi ya shule nikapewa mimi. Nilifika na pikapu yangu kuukuu, ubavuni nimechora GUIDRY kwa mkono wangu, herufi zimelala upande. Chini yake, namba yangu. Fabien alikuwa getini ananisubiri, ngazi begani.

"Umechelewa, bosi," akasema.