Bahasha Mbili, Jina Moja

Daktari alimpaka Mwalimu yale mafuta ya baridi kifuani kwa mara ya tatu, akabonyeza kidude chake chini ya titi la kushoto, akakodolea macho kioo cha mashine na kunyamaza. Mgonjwa akinyamaziwa mara ya kwanza huona daktari yuko makini. Mara ya tatu huanza kuwataja watoto wake mmoja mmoja kimoyomoyo. Mwalimu alikuwa amefika kwa kitinda mimba daktari alipofungua mdomo.

"Muulize hizi picha alizokuja nazo alipigwa lini," alimwambia mkalimani, mama mfupi aliyeketi kwenye stuli pembeni.

"Miezi saba iliyopita, hospitali ya kwetu," Mwalimu alijibu. "Na jina langu liko hapo juu, kama hajaliona."

Ndivyo alivyo. Miaka ishirini na sita ya kufundisha hesabu imemzoeza kujibu kila swali kana kwamba aliyeuliza hakusoma maelekezo.

Daktari aliziweka picha za zamani na za leo ubavu kwa ubavu. Alisema taratibu, mkalimani akimfuata sentensi kwa sentensi. Moyo wa kwenye picha za zamani una mlango mmoja uliokaza, damu inapenya kwa shida kama maji kwenye mpira uliokanyagwa. Moyo uliomo kifuani mwa mama huyu hauna kasoro. Asidhani umepona, maana mlango ukishakaza namna ile haujifungui wenyewe. Moyo huu haujawahi kuumwa hata siku moja. Upasuaji wa kesho haupo.

"Anasema hii ni mioyo ya watu wawili," mkalimani alimalizia, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imeshuka. "Na huyo mwenye ule mbovu, kama bado yupo, asiachwe abebe hata ndoo ya maji."

Mwalimu hakuuliza ni nani. Alimjua. Alikuwa amemwacha saa moja iliyopita ng'ambo ya barabara, ghorofa ya nne ya nyumba ya wageni, amejaza ndoo mbili, anamfulia nguo.

Nirudi nyuma kidogo, maana haya hayakuletwa na shetani. Yalifanywa na watu wazima wenye akili timamu, mchana kweupe.

Mwalimu ana kadi ya bima ya afya. Wifi yake, mke wa kaka yake, anashona sare za shule nyumbani na hana kadi yoyote. Mwalimu alikuwa akilalamika moyo kumwenda mbio. Wifi alikuwa akiishiwa pumzi kwenye kilima cha kwenda sokoni, na jioni miguu ikimvimba. "Twende wote," Mwalimu alisema, "kadi yenyewe haina picha." Wakaenda siku moja, Mwalimu asubuhi, wifi mchana zamu ilipobadilika, akajitaja kwa jina la Mwalimu bila kupepesa macho. Walicheka njia nzima ya kurudi.

Wiki iliyofuata walipewa bahasha mbili zenye jina moja na tarehe moja. Moja ilisema moyo ni mzima. Nyingine ilisema mlango umekaza, mgonjwa apasuliwe mapema. Ipi ya nani? Wangeweza kurudi kuuliza, lakini kuuliza ni kujishtaki. Basi waliketi jikoni kwa Mwalimu, kaka mtu akiwa hapo hapo, wakaamua wenyewe. Na waliamuaje? Waliangalia nani hulalamika zaidi! Mwalimu hajawahi kuumwa kichwa mtaa usijue. Wifi alijifungua mapacha, na siku ya pili akaamka kuosha vyombo. "Hii mbaya ni yako, wifi yangu, pole sana," wifi alisema, akamsogezea bahasha. "Mimi ni uzee tu unanisalimia." Na Mwalimu akaipokea. Tuseme ukweli, aliipokea kama mtu aliyengoja miaka mingi watu wamwamini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayejitwalia maradhi ya mwenzake.

Upasuaji wa moyo kule nyumbani ulikuwa haushikiki kwa bei. Wakala mmoja akasema iko nchi wanakofanya kwa theluthi, akazituma zile picha kwa simu, majibu yakarudi kwa simu, na katika miezi yote saba ya michango na viza hakuna aliyemwekea Mwalimu sikio kifuani. Alilelewa kama yai. Ndoo hakugusa, ufagio hakugusa. Nani aliyemlea? Juzi walipofika na kukuta lifti ya nyumba ya wageni imekufa, wifi ndiye aliyepandisha masanduku yote mawili kwa ngazi, akisimama kila ghorofa, mkono ukutani. Mwalimu alikuwa amemtangulia ngazi tano. "Wifi, unajikokota," alimwambia. "Mgonjwa ni mimi au wewe?"

Sasa alikuwa amelala na mafuta kifuani, na maneno yale yalikuwa yakimchoma.

"Ni wifi yangu," alisema, akaeleza yote: kadi, bahasha, jikoni. Mkalimani alifasiri bila kumtazama. Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Aliuliza huyo wifi yuko wapi, akanyanyua simu, akasema wauguzi wataenda kumchukua kwa machela. Yeye akae asubiri.

Akae wapi? Kabla simu haijarudishwa mahali pake Mwalimu alikwisha shuka kitandani, miguu mitupu, na gauni la hospitali lililofungwa kamba mbili mgongoni. Alipita mapokezi, akavuka barabara, dereva mmoja akafunga breki na kumtukana kwa lugha asiyoijua. Alikimbia. Miezi saba alikuwa akitembea kwa kunyata, na sasa alikimbia, na kila hatua kifua kilimwitikia, pumzi tele, miguu myepesi. Uzima ule ulimtia aibu. Aliuchukia.

"Wifi," aliita alipofika ghorofa ya pili. "Wifi, acha hizo nguo."

Kichwa cha wifi kilichungulia kutoka juu, ndoo mkononi. Alichokiona ni mgonjwa wake, mtu wa kupasuliwa moyo kesho, anapanda ngazi mbio.

"Mungu wangu, unakimbia? Simama hapo hapo, nakuja."

"Usije. Kaa chini, wifi, usije."

Lakini ni nani aliyewahi kumwambia mama yule akae chini, akakaa? Ndoo iliachiwa, maji ya sabuni yakaanza kuteremka ngazi, na nyuma yake zikasikika ndala, pata, pata, pata, mbio mbio, anashuka kumwokoa mwenzake. Halafu ndala zikanyamaza.

Alimkuta kati ya ghorofa ya nne na ya tatu, ameketi kwenye maji, ameegemea ukuta. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, kifua kikipanda na kushuka bila kupata kitu. Mkono mmoja bado alikuwa ameunyoosha amshike Mwalimu asianguke.

"Nimeteleza tu," alisema kwa vipande vipande.

Kungoja machela Mwalimu hakuweza. Aligeuka, akachuchumaa, akaivuta mikono ya wifi juu ya mabega yake, akainuka naye mgongoni. Wifi alikuwa mwepesi. Amekuwa mwepesi hivi tangu lini? Walikuwa wamelala chumba kimoja siku mbili, na Mwalimu hakuwa ameona chochote.

"Nishushe," wifi alimnong'oneza sikioni. "Umekatazwa mizigo. Ukinifia hapa, nikamwambie nini kaka yako?"

"Sifi. Siumwi, wifi. Daktari amepima mara tatu. Moyo wangu ni mzima."

Ngazi sita nzima wifi hakusema neno, na Mwalimu aliomba kwa woga wa kitoto kwamba awe anapiga hesabu kule nyuma, awe ameelewa mwenyewe, asilazimike kuambiwa.

"Mungu ni mkubwa," wifi alisema hatimaye, na mikono ile isiyo na nguvu ikamkumbatia shingoni. "Nilimwomba sana, wifi. Kila nilipokuwa nakufulia nilimwomba."

Mwalimu hakumwambia ile bahasha mbaya ilikuwa ya nani. Zilikuwa zimebaki ghorofa tatu. Alizishuka zote na wifi yake mgongoni, machozi yakimtiririka, na mpaka anafika chini hakuwa amehema.