Palipokuwa na Ghala la Hruska

Kaunti ya Pruett, Nebraska, ni kubwa kuliko baadhi ya nchi zenye wimbo wa taifa na timu ya mpira. Watu wake wote wanaenea katika kanisa la Kilutheri la mjini na bado viti vya mbele vinabaki, ingawa viti hivyo hakuna aliyewahi kuvikalia. Ng'ombe ni wengi mno kuliko sisi. Hawapigi kura, lakini tofauti sijaiona. Kwingine kote ni vilima vya mchanga vilivyoota nyasi, na ukipotea kwenye kimoja, kinachofuata hakikusaidii kitu.

Kwa hiyo tunaelekezana kwa vitu. Na kwa kuwa watu wanahama, wanakufa, na majengo yanaanguka, vitu vyenyewe vingi havipo tena. Kata kulia palipokuwa na shule. Pita pale alipoanguka farasi wa Otto. Kaunti iliwahi kuweka vibao vya namba za barabara, wawindaji wakavijaribia bunduki, na sasa namba anaisoma yule tu aliyeijua tangu mwanzo. Hatukuona tatizo. Sisi tuliobaki tulijua vizuri ni nini hakipo, na hakipo wapi.

Asubuhi moja ya Machi mume wangu, Leland Pokorny, alianguka jikoni na kikombe cha kahawa mkononi. Kikombe hakikuvunjika. Alikuwa ameshika kifua na uso umempauka. Nikampa aspirini, nikapiga simu ofisi ya sherifu, ambako simu za dharura hupokelewa na Wendell, binamu yake Leland.

"Wendell, Leland ameanguka. Ni moyo."

"Anaongea?"

"Kwani lini aliacha?"

"Basi tulia, shemeji. Gari la wagonjwa limeshatoka. Anaendesha Marisol."

Marisol Treviño alikuwa amehamia kutoka Texas mwaka uliopita na mumewe, anayefanya kazi kwenye mazizi ya kunenepesha ng'ombe. Alijitolea kuendesha gari la wagonjwa kwa sababu wenzake waliokuwa wakiliendesha walikuwa wamefikia umri wa kubebwa ndani yake.

"Umemwelekeza vipi?" nikauliza.

"Kama kawaida. Akate kushoto kwenye ghala la Hruska."

Ghala la Hruska liliungua wakati Wendell bado ana nywele.

"Wendell, ghala halipo."

"Najua halipo. Si nilikuwa nimeshika mpira wa maji tukilizima?"

"Marisol hajui."

Nyuma yake nilisikia redio, na sauti ya Marisol ikisema kwamba anaona nyasi, na kwamba sasa anaona nyasi nyingine. Halafu akasema amepita kinu cha upepo kilichovunjika.

"Basi amelipita ghala," Leland akasema kutoka sakafuni. "Mwambieni arudi mpaka lilipo."

"Lilipokuwa," nikasema.

"Kila mtu anajua lilipokuwa."

"Hao kila mtu ni wazee wachache, Leland, na mmoja yuko sakafuni."

Jasho lilikuwa linamtiririka, na jiko lilikuwa bado halijapata moto.

"Nenda ukasimame pale, Verna."

"Nikuache peke yako?"

"Siendi popote."

Nilimwekea mto chini ya kichwa. Nikavaa koti langu jekundu, kwa sababu ghala lilikuwa jekundu, nikamwambia Wendell amtajie Marisol rangi hiyo, nikawasha gari. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuondoka mezani kabla hajamaliza kula, na sasa nilikuwa nimemwacha na friji limkeshee. Nililia njia nzima, tena kwa hasira. Nilimkasirikia Wendell, nikamkasirikia Hruska aliyevutia sigara kwenye nyasi kavu, na nikajikasirikia mimi, maana hata mimi ningemwelekeza Marisol vilevile.

Nikasimama pale ulipokuwa mlango wa ghala. Upepo ulikuwa mkali. Barabara ilikuwa tupu upande huu na tupu upande ule, na kwa mara ya kwanza nilichukia kwamba tuko wachache hivi. Halafu vumbi likaonekana, na gari likaja, likapunguza mwendo, na Marisol akateremsha kioo.

"Mama Verna, Wendell ananiambia nikiona kitu chekundu, hilo ndilo ghala."

"Ndilo. Kata kushoto."

Tulimkuta Leland palepale, macho wazi.

"Mmechelewa," akamwambia Marisol.

"Ghala halikuwepo, mzee."

"Miaka yote halipo, na watu wanafika."

Alipona. Tukapata majira mawili zaidi ya baridi pamoja, naye akayatumia kulalamikia chakula kisicho na chumvi. Ile kona nayo ikapata jina jipya: Aliposimama Verna. Nilimlalamikia Wendell kwamba kwetu hakuna kitu kinachoelekezea watu njia kikiwa bado kipo, na mimi bado nipo.

"Shemeji, wewe upo," akasema. "Kusimama ndiko kumekwisha."

Leland alikufa Aprili, kitandani, bila kumpigia mtu yeyote simu. Majirani walileta bakuli za tambi na jibini, wakakaa, wakasifu mvua, wakaondoka. Wiki iliyofuata simu ikalia. Alikuwa mchungaji mpya, aliyetumwa kwetu kutoka mjini Lincoln.

"Mama Pokorny, nilikuwa nakuja kukupa pole, lakini nimepotea. Wendell ameniambia nikate kushoto uliposimama wewe, halafu niende moja kwa moja mpaka alipokuwa Leland. Nimeona nyasi tu."

Nilitazama jiko. Lilikuwa linawaka, na juu yake kuna sufuria yangu. Naishi humu, napika humu, nafagia humu. Nilitaka kumwambia kwamba hii ni nyumba ya Verna, na Verna yumo. Lakini isingemsaidia kufika.

"Amekueleza sawasawa, mchungaji," nikasema. "Hapa ndipo alipokuwa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo kumhusu Leland.

"Rudi polepole ulikotoka," nikamwambia nilipoweza. "Utaona koti jekundu."

Nikalitoa koti nyuma ya mlango. Safari hii sikumwekea mtu mto, na hapakuwa na wa kuniambia haendi popote.