Hotuba ya Mwaka wa Kumi na Mbili

Mume wangu ni Mwenyekiti siku moja kwa mwaka. Siku nyingine zote anasukuma matoroli ya mashuka machafu kwenye dobi la hospitali, chini kabisa kusiko na dirisha, na anayempa salamu huko ni mlango wa lifti. Ndiyo maana ikifika Siku ya Urafiki, watu wetu tuliohamia mji huu na wenyeji wetu wanapokutana ukumbini kupigiana makofi, yeye huishika karatasi ya hotuba kama mtu aliyeshika hati ya nyumba.

Karatasi yenyewe ni ileile. Ameisoma miaka kumi na moja. Imekunjwa na kukunjuliwa hadi imekatika katikati, neno "mshikamano" limebaki nusu huku na nusu huku. Mwaka huu kaka yangu, anayeutamani uenyekiti kama paka anavyotamani samaki, alisimama kwenye kikao cha chama chetu.

"Shemeji, tunakuheshimu," akasema. "Ila ukisoma tena ile, tunapiga kura palepale ukumbini."

Wanachama wakamuunga mkono. Mume wangu akajibu kwamba maneno mazuri hayachakai, lakini alipofika nyumbani hakula.

"Si uandike nyingine?" nikamwambia.

"Nimejaribu, mama watoto. Kila nikianza, inakuja ileile."

Nilimhurumia, na huruma ikaniponza. Mimi nashona, na katibu wa Meya ni mteja wangu wa kupunguza sketi. Akaja siku moja, akaninong'oneza kana kwamba cherehani ina masikio, kwamba Meya anataka kumfurahisha Mwenyekiti kwa maneno mawili matatu ya lugha yetu. Nilikuwa na chochote cha kumsikilizisha? Nikaona hiyo ndiyo dawa. Mume wangu akisalimiwa na Meya kwa lugha yake mbele za watu, nani atathubutu kupiga kura? Nikampa nilichokuwa nacho kwenye simu, hotuba ya mwaka jana niliyoirekodi mwanzo hadi mwisho. Sikujua kwamba Meya akishika jambo haliachi mpaka alitoe na mizizi.

Siku ikafika. Meza kuu ilitandikwa kitambaa cheupe, chupa za maji zikapangwa. Meya, mama mfupi mwenye miwani mikubwa, alitangulia kusema, na alisimama bila karatasi.

"Waheshimiwa mabibi na mabwana," akaanza kwa lugha yetu, "urafiki ni mti, na mti hauli matunda yake."

Makofi yakarindima. Mume wangu akatabasamu. Kwenye sentensi ya pili tabasamu lilibaki peke yake, macho yakawa yameshaondoka. Kwenye ya tatu akaitoa karatasi mfukoni, akawa anamfuata kwa kidole. Meya hakuruka hata nukta.

Alikuwa ameikariri kama wimbo, bila kujua neno hili linaishia wapi na lile linaanzia wapi. Alipofika pale mume wangu alipopaliwa mwaka jana, naye akakohoa, mara tatu, kwa heshima zote. Kisha kwa sauti ileile ya kitaifa akasema, "Shemeji, zima hiyo simu." Kaka yangu akapapasa mfuko. "Mwenye gari jeupe akalisogeze, limeziba mlango." Mweka hazina wetu akatoka mbio na funguo mkononi, akafika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba siku hizi ana jekundu.

Watu walicheka hadi machozi. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimemvua nguo mume wangu hadharani, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Akaitwa. Akasimama na karatasi yake isiyo na kazi tena. Kaka yangu akaweka tai sawa.

"Nilichokuwa nacho Mheshimiwa Meya amekimaliza," mume wangu akasema. "Miaka kumi na moja nawasomea hii. Mnalala, na ninawaona, kwenye jukwaa kila kitu kinaonekana. Leo ndiyo nimejua kuna mtu alikuwa anasikiliza. Haelewi hata neno moja, lakini amesikiliza mpaka kikohozi."

Hapo hakuna aliyecheka. Akamgeukia Meya, akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele za watu. Akasema kwa lugha ya wenyeji. Anaijua ya dobini tu, na anaionea haya kiasi kwamba dukani hunituma mimi.

"Shuka kubwa," akasema polepole. "Mtu mmoja, hawezi. Siku ya kwanza, mimi sijui kitu. Mama wa mashine, yeye ananipa ncha mbili. Hasemi kitu. Mbili zangu, mbili zake."

Akashika kitambaa cha meza kuu. Kaka yangu akaruka kuziokoa chupa. Mume wangu akampa Meya ncha mbili, Meya akasita, kisha akashika. Wakavuta, wakakunja, wakasogeleana hadi vidole vyao vikagusana, wakarudi nyuma wakakunja tena, kitambaa kikawa kidogo kama daftari. Meya alikuwa anacheka kama msichana. Ukumbi mzima ukasimama. Kura haikupigwa. Wa kuidai alikuwa amekumbatia chupa nane.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunaanua mashuka kambani, nikashindwa kuvumilia.

"Ile hotuba nilimpa mimi."

"Najua. Watu wote walikuwa wanamwangalia Meya, wewe peke yako unaangalia viatu."

"Umenikasirikia?"

"Nilikasirika hadi kwenye kikohozi." Akachomoa kibanio kingine. "Halafu nikajiuliza, huyu mwanamke alikuwa ameitunza kwenye simu mwaka mzima?"

"Nilisahau tu kuifuta," nikamwambia.

Akanipa ncha mbili za shuka.

"Vuta," akasema. "Mwongo wewe."